Makali, Kutu na Mkono wa Mhunzi: Feleji Mbili za Visu vya Lualaba

Kila kisu, kiwe kile kidogo kinachokunjwa na kuingia mfukoni au kile kinachovaliwa alani kiunoni, hudaiwa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: makali yake yawe magumu hata yasifife upesi, na mwili wake uwe na unyumbufu wa kutosha usivunjike unapogonga mfupa au fundo la mti. Chuma kitupu hakiwezi kutimiza dai la kwanza, kwa kuwa ni laini na makali yake hupinda yakikutana na kitu kigumu. Kinachokibadilisha ni kaboni, ile ile iliyomo katika makaa ya mti, inapopenya kati ya chembe za chuma kwa kiasi kidogo sana. Chuma kilichopata kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 1 ndicho feleji ya kaboni inayofaa kwa visu, na karibu visu vyote vizuri vya dunia vilitokana nayo hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Feleji ya pili, ambayo katika miji ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hujulikana kwa jina lililopokewa kutoka Kifaransa, yaani inoksi, ni feleji iliyoongezewa kromi isiyopungua asilimia 10.5, na kromi hiyo ikikutana na hewa hujenga juu ya uso wa kisu utando wa oksidi usioonekana kwa macho, unaozuia kutu na kujiziba wenyewe ukikwaruzwa.

Wanaozilinganisha feleji hizi mbili kwa kawaida huuliza ipi hukata vizuri zaidi na ipi hudumu. Maswali hayo yana haki yake na yatajibiwa, lakini katika ukanda wa shaba wa mkoa wa Lualaba, nchini Kongo, yanatanguliwa na lingine zito zaidi: ni nani, na kwa zana zipi, anayeweza kukitengeneza kisu hicho, kukitia ugumu, na kukirudishia uhai kinapoharibika?

Nchi hii ina ushahidi wa kale sana kuhusu jambo hilo. Kaskazini mwa Kolwezi, mahali ambapo mto Lualaba hupita katika bonde la Upemba na kutandaza maziwa yake, wanaakiolojia wamechimbua makaburi ya Sanga, Katoto na Kamilamba, kazi iliyoanza mwaka 1957 chini ya Jacques Nenquin na kuendelezwa baadaye na Pierre de Maret. Katika makaburi ya kipindi kinachoitwa cha Kisale, kilichofikia kilele chake kati ya karne ya 10 na ya 13, wafu walizikwa pamoja na vyungu, mapambo ya shaba, visu na majembe, na katika makaburi machache ya watu wenye hadhi yalipatikana mashoka ya sherehe ambayo mipini yake imepigiliwa misumari ya chuma, pamoja na fuawe, yaani kile kipande kizito cha chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Fuawe ndani ya kaburi la mkuu inaonyesha kwamba kuufahamu moto wa chuma kulihesabiwa kuwa sehemu ya mamlaka, na mapokeo ya Waluba ya karne zilizofuata, yanayomhusisha mfalme na mhunzi, yanakubaliana na ushahidi huo.

Upande wa magharibi, huko Kapanga, ndiko iliko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Miongoni mwa alama za utawala wa Kilunda kuna bangili iitwayo lukano, na kuna pia mukwale, upanga mfupi unaokata pande zote mbili, ambao wakuu waliuvaa ndani ya ala. Mapokeo ya Walunda humkumbuka Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka Uluba na kumwoa malkia Ruweej, na wachongaji wa Kichokwe, ndugu wa Walunda, wamemchonga mara nyingi akiwa na silaha na vifaa vya mawindo. Silaha za namna hiyo zilikuwa za feleji ya kaboni kwa sababu hapakuwa na nyingine. Kisu cha kukunja kilikuja baadaye pamoja na biashara ya Ulaya. Kabla yake, kazi ya kisu cha mfukoni ilifanywa na kisu kidogo cha ala, ambacho mpini wake mara nyingi ulizungushiwa waya mwembamba wa shaba ya Katanga, na waya huo, kama itakavyoonekana, ulikuwa na athari zake kwa chuma kilichogusana nao.

Ili kuelewa kwa nini feleji ya kaboni iliweza kustawi mbali na viwanda, inafaa kuufuata moto wenyewe. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri za udongo hazikulihitaji, kwa kuwa ndani yake jiwe la chuma lilinyang'anywa oksijeni na gesi ya makaa, likabaki bonge lenye vitundu na takataka, ambalo mhunzi alilifua mara nyingi hata takataka zikatoka. Kaboni iliingia humo bila kipimo, sehemu moja nyingi na nyingine kidogo, na mhunzi alijifunza kuitambua sehemu ngumu kwa mlio wa nyundo na kwa namna ilivyokatika. Katika Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria nchini Tanzania, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya kuwasha tena tanuri za namna ya zamani, na mwaka 1978 wakaeleza katika jarida la Science jinsi tanuri hizo zilivyotoa feleji ya kaboni, kwa mbinu ambayo mizizi yake waliifuatilia hadi zaidi ya miaka 1,500 nyuma. Maelezo yao kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufika kwenye makaa yalipingwa na baadhi ya wataalamu. Lakini kwamba wahunzi wa Afrika walitengeneza feleji nzuri kwa makaa, mivukuto na ujuzi wa mikono ni jambo lisilo na shaka.

Feleji ikishapatikana, kinachoigeuza kuwa kisu ni kuipasha na kuipoza. Mhunzi huipasha hadi karibu nyuzi 800, ambapo rangi yake huwa nyekundu iliyoiva na sumaku huacha kuivuta, kisha huizamisha ghafla katika maji au mafuta. Kaboni iliyokuwa imeenea ndani ya chuma chenye moto hukosa nafasi ya kutoka, hunaswa, na kuuvuta muundo wote wa chembe hata ukakakamaa. Muundo huo mgumu huitwa martensiti. Kisu kilichoachwa katika hali hiyo huvunjika kama kioo, na kwa sababu hiyo hupashwa tena kwa joto dogo, kati ya nyuzi 200 na 300 hivi, ili kipunguziwe ukavu. Hapa ndipo ulipo uzuri wa feleji ya kaboni kwa mtu asiye na kipimajoto: uso wake uliosuguliwa hubadilika rangi kadiri joto linavyopanda, kutoka manjano hafifu ya majani makavu hadi kahawia, zambarau na hatimaye buluu, na mhunzi hukizamisha kisu rangi anayoitaka inapofika kwenye makali. Kazi yote hii huhitaji makaa, chombo cha mafuta, kivuli cha kuonea rangi na jicho lililozoea.

Inoksi haikubali utaratibu huo. Kromi yake hushikana na kaboni kwa nguvu na kuunda karabidi, yaani vijichembe vigumu mno vya kaboni na metali, na ili kaboni hiyo iachiliwe irudi ndani ya chuma ni lazima kisu kifikishwe karibu na nyuzi 1,050 au zaidi, na kishikiliwe hapo dakika kadhaa bila joto kupanda wala kushuka sana. Likipungua, kisu hubaki laini. Likizidi, chembe hukua na kisu huwa dhaifu. Na makaa yaliyo wazi, yenye hewa inayopulizwa, huunguza uso wa feleji kabla ya kazi kwisha. Hii ni kazi ya tanuri ya umeme yenye kipimo, na kwa hiyo inoksi ni feleji ya kiwanda tangu kuzaliwa kwake. Mhunzi hodari wa Kapanga anaweza kuikata inoksi, kuisugua na kuitia mpini, lakini akiipasha katika moto wake wa makaa ataiharibu, hata kama ujuzi wake ni mkubwa kuliko wa mfanyakazi anayebonyeza kitufe cha tanuri mahali pengine.

Kuzaliwa huko kulitokea Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, Harry Brearley alipokuwa akitafuta feleji itakayostahimili kuliwa ndani ya mitutu ya bunduki. Mchanganyiko wake ulikuwa na kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24 tu. Aligundua kwamba asidi alizozizoea hazikuula, akaona unafaa kwa visu vya mezani, na visu vya kwanza havikuwaridhisha mafundi wa mji huo, ambao walimtania kuwa amevumbua visu visivyokata. Dhihaka hiyo ilikuwa na sababu. Kaboni asilimia 0.24 ni haba kwa makali ya kudumu, na mafundi waliozoea feleji ya kaboni waliipasha inoksi kwa joto dogo mno. Sifa mbaya iliyotokana na miaka hiyo bado inatajwa na wapenzi wa visu vya zamani, ingawa haistahili tena kutajwa kwa jumla namna hiyo: inoksi iitwayo 12C27, yenye kaboni ya karibu asilimia 0.6 na kromi asilimia 13.5, ikitiwa ugumu ipasavyo hupata makali membamba sana, na tofauti yake na feleji ya kaboni iliyo nzuri ni ndogo kuliko tofauti kati ya kisu kilichopashwa vizuri na kilichopashwa vibaya.

Kampuni ya Opinel, iliyoanzia Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, inaonyesha jambo hilo kwa uwazi, kwani kisu chake cha kukunja chenye mpini wa mbao huuzwa kwa umbo lile lile kikiwa na feleji ya kaboni ya takriban asilimia 0.9 au kikiwa na 12C27, na mnunuzi huchagua. Mji wa Thiers, nchini humo humo, umekuwa ukitoa tangu 1929 kisu kiitwacho Douk-Douk, chenye mpini wa bati la chuma lililokunjwa na ubapa wa feleji ya kaboni, kilichosambaa katika makoloni ya Ufaransa. Kwa Afrika ya kusini na ya kati, kilichopata umaarufu zaidi ni Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na ambacho uundaji wake ulihamia Afrika Kusini miaka ya 1980: mpini wa mbao wenye nakshi za mwezi na nyota, pete ya kufungulia mgongoni, na ubapa wa feleji ya kaboni ya bei nafuu. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, aliyetambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901, na hivyo kisu cha Kijerumani kilitembea Afrika nzima kikiwa na jina lililotoka Kongo. Ubora wake haukutokana na feleji ya kifahari. Ulitokana na kwamba mwenye nacho aliweza kukinoa kwa jiwe lolote lililokuwa karibu.

Kunoa ndiko kunakozitenganisha feleji hizi mikononi mwa mtumiaji, na jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu mara nyingi huelezwa kijuujuu. Jiwe la kawaida la mtoni au la mchanga hukata chuma kwa chembe zake za kwatzi. Katika feleji ya kaboni, vijichembe vigumu vilivyomo ni muungano wa chuma na kaboni, na ugumu wake unakaribiana na wa kwatzi, tena ni vidogo sana; jiwe huvisugua pamoja na chuma kinachovizunguka, na makali hujengeka haraka, yakiwa laini na sawasawa. Katika inoksi yenye kaboni nyingi, kwa mfano 440C yenye kaboni karibu asilimia 1 na kromi karibu asilimia 17, karabidi za kromi ni ngumu kuliko kwatzi na ni kubwa; jiwe la mtoni hula chuma laini kinachozizunguka huku zenyewe zikibaki, na mtu hunoa muda mrefu asipate alichokitaka, hata akadhani kosa ni la mkono wake. Kinachohitajika ni kinoo cha kiwandani chenye chembe za oksidi ya alumini, za silikoni karabidi au za almasi. Inoksi ya bei rahisi yenye kaboni haba ina tatizo lililo kinyume: ni laini, na inaponolewa huacha utepe mwembamba wa chuma ukining'inia kwenye makali, ukijipinda huku na huku bila kukatika. Wengi wanaosema inoksi hainoleki wamekutana na moja kati ya hizi mbili, na wasingesema hivyo kama wangekabidhiwa 12C27 pamoja na kinoo kinachofaa.

Kutu nayo ina ramani yake. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua zake hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili. Katika miezi hiyo kisu cha feleji ya kaboni kilichoachwa na unyevu usiku kucha huamkia na madoa mekundu, ilhali katika kiangazi kikavu kinaweza kukaa majuma mengi bila dosari. Maembe, malimau, nyanya na vitunguu hukitia rangi ya kijivu na buluu, na rangi hiyo isihofiwe, kwa kuwa ni utando mweusi ulioshikamana na chuma ambao hupunguza kasi ya kutu nyekundu, ile inayobanduka na kula. Kisu kinachofutwa na kupakwa mafuta kidogo hudumu miongo mingi. Mafuta ya mashine hufaa zaidi. Mawese husaidia pale yanapokosekana mengine, ila huganda katika bawaba ya kisu cha kukunja na huwa na asidi yake, hivyo yasiachwe muda mrefu. Kwa mchuuzi wa samaki wa ziwa Nzilo, ambaye kisu chake hakikauki tangu asubuhi hadi jioni, inoksi ni chaguo la busara na hakuna fahari yoyote ya kale inayopaswa kumzuia.

Ukanda wa shaba una pia aina yake ya kuliwa kwa chuma, ambayo sehemu zisizo na shaba haziijui. Maji yaliyobeba chumvi ya shaba, kama yale ya salfeti ya shaba yanayotumika au kuvuja katika uchenjuaji, yakigusa feleji ya kaboni, chuma huyeyuka na kuingia majini, na mahali pake shaba huganda juu ya ubapa. Kisu hutoka kikiwa na ngozi nyekundu kana kwamba kimepakwa rangi. Viwanda vya shaba duniani vimeutumia muda mrefu mwenendo huo kwa makusudi, vikitupa vyuma chakavu katika maji hayo ili kuikusanya shaba. Inoksi, ikilindwa na utando wake, haibadilishani na shaba kwa urahisi namna hiyo. Kwa sababu iyo hiyo, waya wa shaba uliozungushiwa mpini wa zamani, au pini ya shaba njano katika bawaba ya kisu cha kisasa, huharakisha kutu ya feleji ya kaboni pale metali mbili zinapogusana penye unyevu, kwani chuma ndicho kinachojitoa ili shaba isalimike. Watunzaji wa visu vya kale vya Kiluba na Kilunda katika makumbusho wanapaswa kukagua kwanza mahali hapo, chini ya waya, kabla ya kuangalia makali.

Ardhi hii hii ina fungu lake katika inoksi bora za leo. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikitoka Lualaba, na ingawa nyingi huishia katika betri, metali hiyo ina historia ndefu katika vyombo vya kukatia. Elwood Haynes wa Marekani alipata mwaka 1907 hataza za michanganyiko ya kobalti na kromi isiyoshika kutu, iliyoitwa baadaye Stellite, na keekee za kutobolea vyuma vigumu hutengenezwa kwa feleji M42 yenye kobalti asilimia 8, kwa sababu kobalti hukaa ndani ya chuma bila kuunda karabidi na hukisaidia kubaki kigumu hata kinapopata moto. Katika visu, inoksi ya Kijapani VG-10 na ya Austria N690 zina kobalti ya karibu asilimia 1.5 kila moja. Kiasi hicho ni kidogo na hakina joto la keekee la kupambana nalo, hivyo sifa za visu hivyo zinadaiwa zaidi na kaboni, kromi na upashaji wake kuliko na kobalti inayotajwa kwa fahari katika matangazo. Hata hivyo kobalti huondoka Kolwezi ikiwa unga wa haidroksidi, husafishwa kwa sehemu kubwa nchini China, na kisu chenye chembe zake kikirudi mkoani huwa bidhaa ya bei isiyofikiwa na mchimbaji.

Mhunzi wa leo, kwa upande wake, amepata machimbo mengine. Springi za malori, zile bamba zilizopinda zinazobeba uzito wa gari, ni feleji yenye kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.6 na kromi isiyofikia asilimia 1. Kromi hiyo ni haba mno kuzuia kutu, lakini inatosha kuifanya feleji ikubali ugumu kwa kuzamishwa katika mafuta badala ya maji, jambo linalopunguza nyufa. Kwa panga, jembe dogo na kisu cha kazi, ni malighafi bora kuliko bonge la tanuri la zamani, kwa maana kaboni yake ni ile ile toka mwanzo hadi mwisho wa bamba. Tahadhari ni mbili tu: springi iliyovunjika barabarani huweza kuwa na nyufa zisizoonekana, ambazo hujitokeza baada ya kuzamishwa, na mhunzi anayeipasha kupita rangi nyekundu hadi manjano hukuza chembe zake na kupata kisu kinachomeguka. Tupa lililokwisha, lenye kaboni inayokaribia au kupita asilimia 1, hutoa makali ya juu zaidi, ila lahitaji kupashwa tena kwa subira hadi rangi ya majani makavu, na meno yake yasuguliwe yote kabla ya kufuliwa, kwa kuwa kila jino lililobaki ni mahali ambapo ufa utaanzia.